Mwani Wangu na Seli za Ngozi

Jumatatu, 16 Januari
Brisbane inaungua. Prue, mkuu wa maabara, katangaza: Ijumaa atachagua dawa moja ya kukinga seli za ngozi na urujuanimno, ile mionzi ya jua inayotubabua. Yangu ya mwani, au ya Noelene ya matunda ya porini. Atakayeshindwa ataosha chupa mwaka mzima. Nimeziosha miaka kumi na mmoja. Sirudi!

Jumanne, 17 Januari
Saa nzima kwenye hadubini. Seli zimetandaza vimikono, zinashikana. Zilitoka kwenye ngozi ya mgonjwa fulani. Je, anajua huku bado zinakua? Noelene akauliza kama nimehamia humo, aniletee mto. Akanikumbusha kufunika visahani vya seli, eti mwezi uliopita ukungu wangu uliingia kwenye vyake. Mwanamke hasahau!

Jumatano, 18 Januari
Leo taa ya mionzi. Visahani sita vyenye mwani, sita bila dawa, vya kulinganishia. Vya mwani nilivifunika vizuri, chafya ya Noelene isiingie. Vingine nikaviacha wazi. Vya kufa hivyo, vifunikwe vya nini?

Alhamisi, 19 Januari
Seli zangu zote hai! Zile nyingine zimejikunja, zimekwisha. Niliziangalia kwa huruma kidogo. Nikaagiza keki za nazi za kesho. Nikamuuliza Noelene kwa upole kama anajua brashi ya chupa inakaa wapi.

Ijumaa, 20 Januari
Prue alinisifu mbele ya wote. Kisha Noelene, keki mdomoni, akauliza swali moja tu: chini ya taa, vifuniko nilivitoa? Nikajibu kwa fahari kwamba sikuvigusa, si ndivyo alivyoniagiza? Prue akanieleza taratibu kwamba plastiki ile huzuia mionzi. Nilichopima ni vifuniko. Akachagua matunda ya porini. Noelene akaniletea brashi, akasema iko vilevile nilivyoiacha. Niliumia sana.

Jumamosi, 21 Januari
Sikubali. Ufukweni Redcliffe, saa sita mchana, bila kofia, nimejaribu kwenye upara wangu mwenyewe. Mwani nikaupaka utosini tu, duara moja. Mchanga usiingie, nikalifunika kwa kifuniko cha kisahani na kukibana kwa utepe.

Jioni kichwa chote chekundu, kinawaka moto. Isipokuwa duara moja, jeupe pepepe. Mwani unafanya kazi! Jumatatu naingia kwa Prue na kichwa hikihiki.