Mazoezi ya Kupanda Mlima, Michenga

Jumapili, 11 Mei 2025

Leo nimekuwa kiongozi. Naandika tena, maana neno limenikaa vizuri: kiongozi wa msafara.

Ilikuwa baada ya misa, kwenye kikao cha kwaya hapa kigangoni Lumemo. Mama Domitila, mwenyekiti wetu, alitangaza kwamba mwaka huu kwaya haiendi kutembelea parokia nyingine, kula na kurudi. Tunakwenda Udzungwa. Tutapanda kwa miguu hadi maporomoko ya Sanje, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mvua zikiwa zimekatika. Akauliza nani amewahi kupanda mlima. Nikamwona Fridolin, yule fundi pikipiki anayeimba besi, anaanza kuinua mkono. Anauinua taratibu, kwa upole wake ule wa kuudhi. Wangu ulikuwa juu kabla wake haujapita bega!

Nikasema milima ya Udzungwa naijua tangu utoto. Si uongo. Kila nikisafiri kwenda Mang'ula naiona dirishani mwa basi. Mtu aliyeitazama milima maisha yake yote huwezi kumwita mgeni wa milima. Fridolin akasema yeye amekulia Mahenge, walikuwa wakivuka vilima kwenda shule. Nani alimuuliza?

Nimepewa mimi, kwa sharti. Niwaandae watu, maana sisi wa bondeni miguu yetu imezoea tambarare. Nikishindwa, anachukua Fridolin.

Hawajui jambo hili lina maana gani kwangu. Miaka yote naimba sauti ya tatu, safu ya nyuma, karibu na mlango. Mwalimu wa kwaya akinitazama, ananionyesha kiganja nishushe sauti. Nimechoka kutazama migongo ya watu. Siku moja tu nataka wao wautazame wangu.

Jumanne, 13 Mei

Ifakara haina kilima! Nimeishi hapa tangu kuzaliwa na sikuwahi kuiona kasoro hii. Nimefunga duka langu la vipuri vya baiskeli mapema, nimezunguka Lipangalala yote, nimekwenda mpaka mtoni Lumemo. Tambarare. Tambarare. Shimo la takataka. Tambarare.

Mwishowe nimepata kichuguu, kirefu kunizidi. Nimekipanda. Nikasimama juu, mikono kiunoni, natazama mbali kama kiongozi. Siafu! Sikushuka, nilianguka. Bibi mmoja alikuwa akichuma matembele hapo karibu. Nikamwamkia shikamoo huku najikung'uta suruali. Akaitikia marahaba akitazama pembeni, kisha akaniuliza kama nimepotelewa na kuku.

Jioni Fridolin ameandika kwenye kundi la kwaya la simu. Eti kwao Mahenge vilima vipo vya kutosha, anayetaka kufanya mazoezi twende Jumamosi, mama yake atatupokea. Watu wamemjazia vidole gumba. Huyu mtu ananichimba, tena kwa tabasamu.

Alhamisi, 15 Mei

Nimepata! Sijui akili kama hii inafanya nini kwenye duka la baiskeli.

Mpunga wangu kule Michenga umeshapigwa na kupepetwa. Uko kwenye viroba katikati ya shamba, umefunikwa turubai. Njia bado ni tope, gari halifiki. Masalu, mwenye mkokoteni wa ng'ombe, ambaye naye ni wa besi, alitaka kiroba kimoja kama ujira wa kuvitoa mpaka barabarani. Kiroba kizima! Ng'ombe wenyewe wanakula majani! Nilimkatalia. Leo nakaza spoki, wazo likanijia: mlimani watu hubeba mizigo. Mizigo ninayo. Tope hukaza mapaja. Na kutoka shambani kwangu mpaka barabarani mtu anatoka jasho hata akiwa mikono mitupu.

Nimeandika kwenye kundi: Jumamosi, mazoezi ya kubeba mizigo katika mazingira magumu, Michenga. Asiyefika hapandi. Safari ya Mahenge imeahirishwa.

Balbina, mke wangu, sauti ya pili, safu ya mbele, amesoma ujumbe na kuniuliza apike kuku au samaki. Nimemwambia asipike chochote. Mazoezi hayapikiwi. Amesema mimi ni mtu mzima, shauri yangu.

Jumamosi, 17 Mei

Nimeibiwa mchana kweupe, na kwaya ya kanisa!

Asubuhi ilikuwa nzuri mno. Walifika wote. Nilikuwa na filimbi. Nikawapanga mstari, nikapuliza, wakajitwisha, tukaenda. Mimi mbele. Sikubeba, maana kiongozi kazi yake ni kuongoza. Masalu alikuja na mkokoteni wake, eti ameona aibu kumkatalia mwanakwaya mwenzake, atatusaidia bure. Nikaukataa. Nikamweleza kwamba Udzungwa hakuna mkokoteni. Akawafungua ng'ombe wale majani, akajitwisha kiroba kama wengine. Fridolin kila akifikisha chake alirudi kuwapokea akina mama vyao. Kujipendekeza tu.

Kufika adhuhuri, viroba vyote viko barabarani. Nikapuliza filimbi ya mwisho, nikawashukuru, nikawaambia tuonane misani. Hakuna aliyeondoka. Wakanawa mikono mtaroni. Wakakunja miguu, wakakaa chini kivulini. Wakasubiri.

Nilijua wanasubiri nini, na ndipo nilipoanza kutoka jasho. Hapa kwetu unaweza kumwita jirani akuvunie, akupalilie, akubebee, na usimlipe. Lakini unampikia. Usipompikia, jina lako linasambaa bonde zima, na mwaka unaofuata unavuna peke yako na ndege. Ndiyo maana niliyaita mazoezi!

Nikasimama, nikaeleza. Kwamba haya si mavuno. Kwamba mlimani njaa ni kitu cha kuzoea mapema. Nilieleza vizuri sana. Mama Domitila hakupandisha sauti. Alikuwa akipangusa tope kwenye kisigino.

"Agapiti mwanangu," akasema, "bega langu halijui mazoezi. Linajua kiroba cha mpunga. Umetuita kazini na sufuria hukuinjika. Basi tutajipikia wenyewe."

Nikadhani wanakwenda kununua vitumbua. Wakaanza kupakia! Masalu akawafunga ng'ombe wake, na nusu ya mpunga wangu ikapanda mkokotenini mbele ya macho yangu, kwenda kigangoni, iwe chakula cha safari. Nikapuliza filimbi mpaka masikio yakaniuma. Mkokoteni ulipokwama kwenye tope, nani alijitokeza kuusukuma? Balbina. Mke wa ndoa!

Jumapili, 18 Mei

Kikao tena. Nilikwenda nimejiandaa kuvuliwa uongozi. Nilikuwa na hotuba, na ndani yake lilikuwamo neno usaliti.

Sikupata nafasi ya kuisoma. Fridolin alisimama kwanza. Akasema watu wamefanya mazoezi, yaitwe jina lolote. Akasema Agapiti milima anaijua tangu utoto, kwa hiyo abaki, na sisi tutamfuata nyuma. Wote wakakubali. Hata Mama Domitila.

Sijawahi kutukanwa namna hii. Adui wa kweli angenipinga! Nimerudi nyumbani na hotuba yangu mfukoni. Balbina anasema ile ni roho nzuri. Nimemwambia yeye haijui siasa ya besi.

Jambo jingine. Leo hakuna wingu, na pale uwanja wa kanisa Udzungwa inaonekana wazi. Nimeitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Imesimama wima. Sikuwahi kuliona hilo nikiwa dirishani. Naogopa, na sina wa kumwambia.

Jumanne, 27 Mei

Nimependekeza kundini kwamba, kwa usalama wa vyombo, mtu imara mwenye kifua abaki chini kulinda masufuria, na mtu huyo ni Fridolin. Fridolin amejibu kwamba yuko tayari, kama ndivyo kiongozi anavyoona. Baada ya hapo wanawake wote wa kwaya wameandika kwamba masufuria yanaweza kujilinda. Mmoja ameuliza kiongozi amewahi kupanda kweli au vipi. Mmoja huyo ninalala naye kitanda kimoja.

Jumamosi, 31 Mei

Tumerudi. Naandika miguu ikiwa kwenye beseni.

Tulifika kijijini Sanje asubuhi. Kabla ya kuingia hifadhini tukapikia uani kwa ndugu yake Mama Domitila. Wali. Wali wangu! Niliijua harufu yake tangu ukiwa mchele garini. Nikamwona dereva anapakuliwa mlima wa wali. Jirani aliyekuja kuazima chumvi naye akapakuliwa. Hata mwongozaji wa hifadhi, dada mwembamba, alipewa, akausifu, akauliza mpunga huu ni wa nani. Wakacheka. Hakuna aliyemjibu!

Kifua kilinijaa. Nikaamua kuurudisha mpunga wangu kwa njia pekee iliyobaki. Nikala. Nikaongeza. Nikaongeza tena, na ukoko nikakwangua. Balbina akaninong'oneza kwamba kuna mlima mbele yetu. Nikamwambia asiyejua thamani ya mpunga asukume mikokoteni.

Kufika mwanzo wa njia, yule dada akatangulia. Nikamweleza kwamba kiongozi ni mimi. Akasema ndiyo utaratibu wa hifadhi, yeye mbele, lakini baba anaweza kufuata nyuma yake. Nikafuata. Nyuma yangu Mama Domitila, kisha kwaya nzima. Kwa muda nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza. Nilijua kila mmoja anautazama mgongo wangu. Niliunyoosha.

Halafu njia ikainuka. Wali ukainuka nao. Pumzi ikaja kwa mafungu. Kwenye benchi la kwanza, benchi la kwanza kabisa, ambalo hata watoto wa shule hawakai, nikakaa. Nikatangaza kwamba kiongozi hubaki ahakikishe wote wamepita. Wakapita. Mama Domitila na kisigino chake. Balbina, akanigusa bega. Masalu, anapiga mluzi. Migongo. Migongo. Migongo.

Fridolin alikuwa wa mwisho. Akanipa fimbo yake na chupa yake ya maji.

"Kaka, nikae na wewe?" akasema.

Nikamwambia aende. Aliniuliza kwa wema, na nilitamani sana aniulize kwa dharau, ningekuwa na la kumjibu.

Nilikaa pale na nyani. Baadaye, kutoka juu sana, nikasikia wanaimba. Walikuwa wamefika majini. Sauti ya kwanza ikashuka, ya pili, besi. Na ya tatu ilikuwapo, imekamilika, haikupungukiwa na kitu. Nilisikiliza kwa makini nione pengo langu liko wapi. Sikulipata. Niliumia hapo kuliko kwenye mpunga.

Waliporudi, nikasikia vicheko vyao kwenye kona ya juu. Nikasimama haraka, nikashika fimbo. Hawakuwa wamenifikia bado. Nikaanza kushuka. Nao nyuma yangu, wote, hata yule dada wa hifadhi, maana njia ni nyembamba na sikumpisha mtu. Nikawaongoza mpaka getini.

Jumapili, 1 Juni

Haki imetendeka, ingawa kwa kuchelewa.

Masalu ameweka picha kwenye kundi. Inaonyesha kwaya nzima ikishuka Udzungwa, na mbele kabisa, fimbo mkononi, mgongo umenyooka, ni mimi. Asiyejua ataona nini? Kiongozi anawashusha watu wake salama. Nimeiweka kwenye wasifu wangu. Nitakwenda studio waisafishe kubwa, niitundike dukani.

Baada ya misa Mama Domitila alishukuru walioifanikisha safari. Akamtaja Fridolin kwa moyo wake. Akanitaja mimi kwa mpunga. Makofi yakapigwa, tena ya nguvu, na mengine yakaambatana na kicheko ambacho sikukielewa. Nikasimama kwenye safu ya nyuma nikainama mara mbili. Ni mimi nimewalisha, ni mimi nimewafundisha, ni mimi nimewashusha. Fridolin kafanya nini? Kapanda tu!

Tatizo pekee la mwaka huu, nimeligundua, ni kwamba mazoezi yalichelewa. Nimemweleza Balbina. Mwakani tunaanza mapema, Januari, mpunga ukiwa magotini. Kupalilia kunaimarisha kiuno, na mlima ni kiuno. Ameniuliza apike nini siku hiyo. Hivi huyu mwanamke huwa ananisikiliza?