Kimya Changu Kihesabiwe

Mbwera, Kibiti

Ndugu Wasimamizi wa Mtandao wa Sarafu Mkondo,

Shikamooni, maana umri wenu siujui. Mimi ni Mudrick, nalinda mtandao wetu kwa kompyuta moja na sola, huku visiwani. Mlitutangazia sheria mpya ya sarafu yetu ya kidijitali: kila mwenye mashine kama yangu abonyeze kutoa ishara kama anakubali, wakifika tisini na tano kwa mia, sheria ianze. Hawakufika. Sasa kwenye grupu naitwa mkwamishaji. Nina malalamiko.

1. Mimi nilikubali tangu mlipotangaza. Programu mpya nikaiweka. Kubonyeza ndiyo niliona haya, maana jina linaonekana na watu wote. Mkaniandika sijakubali.

2. Huku kwetu aliyenyamaza kakubali. Juzi jirani yetu Hafsa aliulizwa na baba yake, Mzee Abdulaziz, kama anamtaka Swalehe wa Bungu. Nilikuwa uani kwao nachochea moto wa pilau, nikamwona. Hakusema kitu, alikuwa anachorachora mchanga kwa kidole cha mguu. Wazee wakasema huyu keshakubali, fatiha ikasomwa. Mpunga ukivunwa, anaolewa. Na mimi nilinyamaza, nikaendelea kuchochea.

3. Kama mtu anaozwa kwa kunyamaza, sheria ya sarafu ina ukubwa gani hata itake kelele?

4. Kwa hiyo hesabuni na mashine zilizozimika. Ya mwenzangu Ismaily iliingia maji ya bamvua, bahari ilipojaa, tangu hapo haijapinga lolote. Tena hesabuni na wasio na mashine. Mbwera nzima imenyamaza, mpaka kaa wa kwenye mikoko. Hapo mtafika mia kwa mia na wengine watazidi.

Naomba sheria ianze hata leo. Nisalimieni wote mtandaoni, waliobonyeza na sie wenye haya. Mama naye anawasalimu, ingawa hajui nyie ni kina nani.

Ni mimi mwenzenu nisiyesikika,
Mudrick

N.B. Barua hii nilimpa Hafsa aninyooshee herufi, yeye kafika kidato cha nne. Alipofika namba mbili akanyamaza. Nikajua kaafiki. Kumbe. Akaniambia, "Mudrick, mimi sikukubali. Nilikuwa nakusubiri wewe huko kwenye moshi useme."

Basi futeni yote ya juu. Aliyenyamaza hajakubali, na lolote lisianze mpaka aulizwe tena. Nakwenda kwa Mzee Abdulaziz sasa hivi. Nikishasema huko, kubonyeza kwenu hakutanishinda.