Gauni la Roketi

Jumatatu, tarehe 9
Siku ya nane tangu mke wangu ahamie kwa mama yake. Si mbali. Ng'ambo ya uwanja wa mpira, paa la bluu. Cherehani nimeisogeza dirishani makusudi, niwe naliona.

Kosa langu? Eti sikukuu sita mfululizo nashonea mtaa mzima, yeye anavaa gauni la zamani. Kitambaa chake chekundu kiko mezani, kimekatwa, hakijaungwa. Alisema nimwite kikishakuwa gauni.

Nina wazo bora. Sikukuu ni Jumapili. Nitarusha roketi ya sikukuu juu ya paa la mama mkwe. Aione, acheke, arudi. Zamani nilikuwa namchekesha sana.

Jumanne, tarehe 10
Chupa kubwa ya soda. Kichwa ni faneli ya mafuta ya taa. Mabawa, kadibodi ya kalenda. Unatia maji nusu, unaziba kwa kizibo cha chupa ya chai, unajaza upepo. Kizibo kikichomoka, roketi inapaa.

Pampu nimeazima kwa shemeji, kaka wa mke wangu, fundi baiskeli. Akanipandisha na kunishusha kwa macho, akasema dada yake siku hizi ananawiri.

Asubuhi nilimimina chai vikombe viwili. Mazoea. Nikanywa vyote.

Jumatano, tarehe 11
Roketi inatia aibu. Uchi kabisa! Na mimi fundi mwenye jina. Nikaipima: kifua sentimita thelathini na nne, kiuno hivyo hivyo.

Kitambaa chekundu kipo. Nimechukua kipande cha mkono mmoja tu, wa kulia. Nikatia bitana, kola, vifungo sita, utepe wa dhahabu kwenye pindo. Gauni zima kwa siku moja. Sijawahi.

Ijumaa, tarehe 13
Jaribio, saa kumi jioni, uwanjani. Nikapampu mpaka mikono ikafa ganzi. Ikapaa kimo cha mlango, bitana ikailemea, ikalala ubavu, ikapenya getini kwa mama mkwe na kumlowesha akianua nguo.

Mke wangu akatoka. Akaiokota, akapapasa kitambaa, akageuza ndani kutazama mishono. Nilitaka kumwambia nyumba imepoa, kwamba nalala upande wangu tu wa kitanda. Nikamwambia vifungo ni vya mfupa.

Akafunga geti.

Jumamosi, tarehe 14
Shemeji kaleta kifurushi. Gauni la roketi, limefuliwa na kupigwa pasi. Na ujumbe: kumbe siku moja inanitosha. Basi kesho saa nne awe na lake, mikono yote miwili, atalivaa kurudi nyumbani. Nisipomaliza, nisimwite tena.

Machozi yalinitoka. Shemeji akajifanya anakagua cherehani.

Nimefumua mishono. Mkono wa kulia umerudi kuwa mkono. Una matundu sita ya vifungo, nitasema ni mtindo. Uzi tayari, mkasi tayari, pasi ya moto. Nimemwekea kikombe chake mezani.

Shida ni moja. Mke arudi siku ya sikukuu, tena kwangu, halafu asipokelewe na kitu? Roketi ya kwanza ilielemewa na bitana, basi. Ya pili haitakuwa nayo.

Mkono wa kushoto unatosha kabisa kuivisha. Naanza na huo. Gauni lake nitaliunga asubuhi na mapema.