Nilivyofuta Historia ya Kuogelea

Jumatatu, 8 Julai 2013. Lodwar

Mdomo wangu umeniponza. Jana baada ya ibada kwaya ilipanga safari ya Eliye Springs, ufukweni mwa Ziwa Turkana, Jumamosi hii. Jebet, yule muuguzi anayeimba sauti ya pili, akauliza nani anajua kuogelea. Wainaina akaanza kujikohoza. Huyu Wainaina tunagawana naye ofisi, kompyuta moja, na kwa bahati mbaya, hamu ya kumuoa Jebet. Nikamuwahi. Nikatangaza kwamba mimi, Ochola, ni mtu wa ziwa, niliogelea kabla ya kutembea.

Jebet akasema kumbe! Basi niifundishe kwaya.

Ukweli ni huu: nilizaliwa Nakuru, estate za reli. Ziwa letu lina chumvi na flamingo. Maji mengi zaidi niliyowahi kuingia yalikuwa ya karai. Na mimi ni karani wa shirika la kuchimba visima! Aibu gani hii.

Jumanne, 9 Julai

Wainaina alipokwenda kunywa chai nikaishika kompyuta. Nikaandika: jinsi ya kuogelea. Kisha: jinsi ya kuogelea kwa siku nne. Kisha: mtu mzima anayeogopa maji afanyeje. Kisha: je, mamba hupendelea watu wanene.

Video hazikufunguka. Intaneti yetu inatambaa. Nikasoma maelezo tu, nikalala kifudifudi juu ya meza kufanya mazoezi. Miguu iko vizuri sana. Mikono bado. Bosi wetu, Bi Wahu, ambaye pia ni mwanakwaya, akaingia katikati ya mazoezi. Nikamwambia natafuta kalamu iliyoanguka nyuma ya meza. Akaniangalia, akatoka.

Jumatano, 10 Julai

Hatari! Asubuhi Wainaina aliandika neno "jinsi" na kompyuta ikaanza kummalizia sentensi. Bahati stima ikapotea papo hapo. Mungu yuko.

Iliporudi nikakimbilia kiti kabla yake. Nikatafuta pa kufutia historia. Kuna visanduku vingi, kila kimoja kinauliza kama nacho kifutwe. Nikavitia alama vyote. Mimi sifanyi kazi nusu. Kompyuta ikawa safi kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Mchana Bi Wahu akataka imeli ya ofisi. Haifunguki. Inadai paswadi. Imekuwa ikijifungua yenyewe tangu 2011 na aliyeiweka paswadi alihamia Kisumu, simu yake haishiki. Ripoti ya visima vya Kaikor imo humo. Isipofika Nairobi kesho kutwa, mtambo wa kuchimba utapelekwa kaunti nyingine, na watu wa Kaikor wataendelea kufukua maji kwenye mchanga wa lugga, mto mkavu, mpaka mwakani.

Nikasema ni virusi. Wainaina akaniunga mkono haraka mno, akasema virusi vya siku hizi ni vibaya. Nikashangaa. Tangu lini ananitetea?

Kuna mama mmoja wa Kaikor, Akiru, huja ofisini kuulizia kisima. Kila akija hunisalimu kwa Kiturkana, ejok, kwa furaha, kana kwamba nimeshakichimba.

Alhamisi, 11 Julai. Kakuma

Bi Wahu ana mkutano huku, akaamuru nije na mashine kwa fundi anayemwamini. Njia nzima niliipakata kama mtoto mchanga. Vumbi mpaka kwenye meno.

Fundi anaitwa Mawien, Mdinka wa Sudan Kusini, ana kibanda cha mabati ndani ya kambi ya wakimbizi. Bi Wahu alipoenda mkutanoni nikamvuta Mawien pembeni. Nikamsihi aseme ni virusi. Akaniambia yeye ni shemasi.

"Ndugu yangu, hii kompyuta hana virusi," akasema. "Iko na mtu tu."

Akabonyeza hapa na pale, tukampigia Bi Wahu, namba za siri zikaingia kwenye simu yake, akatusomea. Imeli ikafunguka! Ripoti ile pale! Nikamkumbatia Mawien. Kaikor itapata maji, na siri yangu imezikwa.

Mawien akasema kuna kitu kingine. Nilifuta hapa, lakini niliyoandika yote yalihifadhiwa mtandaoni pamoja na imeli. "Kule juu bado iko," akasema, akaonyesha kwa kidole. Nikatazama juu. Niliona mabati.

Akafungua. Yote! Kuogelea, siku nne, woga, mamba. Nikamwambia afute upesi. Intaneti ikakwama. Bi Wahu akaingia.

Alisoma polepole, kwa sauti, kama anasoma Injili. Alipofika kwa mamba akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Chini yake kulikuwa na nyingine: jinsi ya kuimba ili muuguzi akupende.

"Hiyo si yangu!" nikapiga kelele.

"Najua," akasema Bi Wahu. "Yako ni ya mamba."

Ripoti ikatumwa hapo hapo. Hakunigombeza.

Jumamosi, 13 Julai. Eliye Springs

Nilipanga kuumwa tumbo. Bi Wahu akanipitia mwenyewe kwa gari. Nyuma kulikuwa na tyubu ya lori, imejazwa upepo. Mbele ya kwaya nzima akasema anaogopa maji, angependa mtaalamu Ochola amshikie tyubu. Mama wa watu! Nikaingia naye mpaka kifuani, nimeing'ang'ania kwa mikono miwili, uso wa kitaalamu. Jebet akanipigia makofi.

Ningebaki pale ningekuwa mshindi. Lakini Wainaina, mkavu kabisa ufukweni, na viatu miguuni, akauliza kwa nini mtu wa ziwa hushikilia tyubu. Jebet akacheka kidogo. Nikaiachia.

Nilienda chini kama jembe. Nilikunywa nusu ya Turkana. Kisha mtu akanikamata kola na kunivuta juu. Jebet! Anaogelea kama kambare. Akauliza nilijifunzia wapi. Nikatema maji, nikajibu kwamba maji ya kwetu ni mazito zaidi.

Alicheka mpaka akakaa mchangani. Alipomaliza akanirudisha majini mpaka magotini, akaanza kunifundisha kupiga miguu. Akasema miguu yangu ni mizuri ajabu, nimeipatia wapi. Sikutaja meza. Wakati wa chakula akaniwekea kichwa cha samaki. Wainaina alipata mkia!

Jumatatu, 15 Julai. Lodwar

Mambo ni matamu. Akiru alikuja, Bi Wahu akamwambia mtambo unaelekea Kaikor mwezi ujao. Aliimba mpaka askari wa geti akaja kutazama.

Jioni mazoezi ya kwaya. Mpiga kinanda amepewa likizo, na Jumamosi tunaimba harusini. Jebet akauliza nani anaweza kushika nafasi. Wainaina akajikohoza.

Nikasema nimepiga kinanda tangu darasa la nne.

Sina wasiwasi. Kompyuta ya ofisi sitaigusa tena, nimekuwa mtu mzima. Mchungaji yuko safarini na ofisi yake ya kanisa, yenye kompyuta, haifungwi. Nimeshaandika pale: jinsi ya kupiga kinanda kwa siku nne. Nani atamshuku mchungaji?