Malalamiko Dhidi ya Mchumba wa Mke Wangu

Mheshimiwa Daktari wa Wazee,

Mimi ni fundi cherehani, mume wa yule mama ambaye ulitueleza kwamba ubongo wake unaugua, wala si uzee tu wala uchawi. Natumai hujambo. Mimi sijambo kiasi, ila nina malalamiko, tena nayaandika nikiwa na akili zangu timamu.

1. Ulisema ugonjwa huu huanza kula mambo ya karibuni na kuyaacha ya zamani. Sikujua kwamba miaka arobaini na moja ya ndoa ni ya karibuni. Sasa ananiita "kaka fundi". Kila asubuhi anakuja chumba cha kushonea nimpime gauni la harusi.

2. Ulituonya tusibishane naye, tumfuate huko aliko. Nimemfuata. Nampima, naandika, kesho yake nampima tena. Kiuno kimepungua, mwambie muuguzi.

3. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami maradhi yangu ni wivu. Nilimuuliza harusi ni ya nani. Akainama, akacheka. "Nimeposwa, kaka fundi. Hujapata kuona mtu mpole vile." Daktari, tumelea watoto watano, na hajawahi kuniita mpole hata kwa kuteleza ulimi. Huyo mpole ni nani? Alikuwa wapi paa lilipovuja?

4. Binti yetu wa mwisho, niliyemshtakia, alicheka mpaka akakaa chini, akakataa kusema kinachomchekesha. Nina hakika yeye na huyo mpole wanajuana.

Kwa hiyo, kwa kuwa hakuna dawa ya kumponya, naomba unitafutie kidonge cha kumfuta huyo bwana. Mimi nimefutwa, naye afutwe. Nampenda mke wangu, sioni haya kuliandika hilo. Siwezi kumkabidhi kwa mtu nisiyemjua, tena ndani ya gauni nitakalolishona mwenyewe.

Nisalimie muuguzi, mama anayetoa dawa dirishani, na mlinzi anayemshika mke wangu mkono kwenye ngazi.

Wako katika kupima na kukata,
Fundi

Tanbihi: Leo, futi ikiwa kiunoni mwake, nimejikaza nikamuuliza mchumba wake anafanya kazi gani.

"Fundi, kama wewe," akasema. "Anajifanya mkali, lakini akinipima mikono inamtetemeka."

Nikaitazama mikono yangu. Daktari, kidonge kile usikitafute. Akibakiwa na mtu mmoja tu kichwani, naomba abaki huyo.