Kumpandisha Mzee Awadhi Milima ya Uluguru

Alhamisi, 6 Agosti 1981

Shomari, muuza vitambaa wa duka la pili mtaani kwetu, ameanza kumpelekea Siwema zawadi. Waziwazi! Siwema ninayetaka kumwoa mimi! Baba yake, Mzee Awadhi, hajasema ndiyo wala hapana. Lakini nina mbinu. Mzee amezeekea hapa Mchafukoge, Dar, mlima hajapata kuuona. Nitampeleka Uluguru kwa gari, Pejo ya tajiri wangu. Hadi anashuka, atakuwa ameshakubali.

Jumamosi, 8 Agosti

Morogoro salama, mimi, Mzee na Siwema. Tumefikia kwa shangazi yake Siwema. Mama Siwema amebaki kulinda nyumba. Nimewaambia kila njia ya milima hii naijua. Sijawahi kufika. Siwema kauliza kama raizoni zangu ni viatu vya kupandia mlima. Nimemjibu kisigino kirefu hupunguza mwinuko.

Kesho tunapanda alfajiri. Lazima tuwe Dar kabla ya saa nane mchana, maana Jumapili baada ya hapo magari ya watu binafsi ni marufuku barabarani.

Jumapili, 9 Agosti

Siamini! 

Tulipotea. Tulizunguka migombani hadi tukatokea jikoni kwa watu. Kisigino kimoja kimebaki huko. Mzee, lo, alifurahi kama mtoto! Akagoma kushuka. Akasema hata akifa leo hana kinyongo.

Saa tisa, karibu na Chalinze, kizuizi cha polisi! Mzee alikuwa amelala fofofo kiti cha nyuma. Nikamfunika shuka jeupe gubigubi, nikamwambia askari tunarudisha maiti ya baba. Siwema akajiziba uso kwa kanga kwa hasira. Askari akadhani analia, akampa pole. Maiti ikakoroma. Nikakohoa hadi kifua kikauma. Akaturuhusu, ila akaniamuru niendeshe polepole, kwa heshima ya marehemu.

Basi lililosimama nyuma yetu sikuliona. Lilitupita. Na ndani yake alikuwamo Paskalina, muuza vitumbua wa mtaani kwetu, kasikia kila neno!

Tumeingia Mchafukoge magharibi. Mikeka hadi barabarani! Vilio! Masufuria ya wali! Mzee akashuka, akauliza nani amefariki. Ee Mungu wangu! Watu walikimbia wakaacha viatu. Mama Siwema, aliyekwisha kalishwa eda, akazimia. Na nani kasimama katikati, sanda mikononi? Shomari! Bafta mpya, kaitoa dukani kwake bure, wakati huu ambao hata sabuni haipatikani.

Mzee akaipapasa ile bafta, machozi yakamtoka. Akasema anayemsitiri mtu hivi si jirani, ni mwanawe. Siwema akaposwa palepale. Wali ukaliwa. Mimi sikuweza kumeza hata tonge, moyo umeniuma kweli.

Jumatatu, 10 Agosti

Mzee kasema nisikanyage kwake. Nimeshtuka! Baada ya yote niliyomfanyia!

Nimefikiri sana. Kosa lote ni la Paskalina kupanda basi lile. Harusi yenyewe bado, na Mama Siwema akisema neno, Mzee hubadilika. Mama huyo naye hajapata kuona milima ya Lushoto. Tutaondoka Jumamosi, turudi Jumapili jioni. Safari hii sitasema nimebeba maiti. Nitasema mgonjwa. Na presha anayo tayari, imemwanza jana.