Muhanga wa Kidato cha Kwanza

Jumatatu, 9 Juni

Baridi ya kukata masikio. Rra Kenosi, mkuu wa idara ya lugha, ametuaga: anastaafu, anarudi kwa ng'ombe wake. Kiti ki wazi! Nimekingoja tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi.

Mma Sebina, mkuu wetu wa shule, katangaza kwamba Ijumaa afisa elimu wa wilaya anakuja kuona tunavyofundisha ushairi. Darasa langu litasoma, na la Tshenolo Pheko litasoma. Hakusema kwamba atakayeng'ara ndiye atakayepewa kiti. Alinitazama mimi, akamtazama Tshenolo, akanywa chai yake. Mimi si mtoto.

Tshenolo hana hata miaka mitatu kazini. Anafundisha vina kwa kupiga ngoma! Watoto wanatoka kwake wakicheka. Kwangu wanatoka wakipiga miayo, na huo ndio ushahidi kwamba vichwa vimefanya kazi.

Leo nilifundisha tashbihi. Nikaomba mfano. Thuso, yule mtundu wa kiti cha nyuma, akasema Mwalimu ni kama friji, ukimfungua mlango baridi inatoka. Nikamwambia amekosea. Akauliza, kwa adabu ya uongo, amekosea wapi, Rra, na "kama" ameiweka? Kweli ameiweka. Nimemtuma akaokote takataka uwanjani.

Jumanne, 10 Juni

Nimejua silaha ya Tshenolo: vishairi vya Kijapani. Mistari mitatu, basi, umemaliza. Nikaenda mbio kwa Mma Sebina nikamweleza, kwa uchungu wa mzalendo, kwamba si heshima kumtoa afisa mjini aje kusikiliza mashairi mafupi kuliko chafya. Akafurahi! Akasema hayo ndiyo mambo, afisa hana muda, na wewe Rra Matlapeng ungejifunza kufupisha maneno. Nilikwenda kumchongea mtu, nikaishia kumpigia debe.

Lakini akili ni mali. Darasa langu litatoa leboko, shairi la sifa la mababu zetu. Nani atabishana na mababu? Na leboko lazima limsifu mtu. Nikawauliza watoto, kwa unyenyekevu kabisa, nani hapa shuleni anastahili sifa. Wakasema mpishi, kwa ajili ya magwinya, yale maandazi yake. Nikawaambia wafikirie mbali zaidi. Wakasema mlinzi wa getini. Nikawaambia wafikirie karibu zaidi. Thuso akatazama dirishani. Ikabidi niwaambie mwenyewe.

Nikawapa na mnyama wangu wa ukoo, maana leboko bila mnyama wa ukoo ni uji bila chumvi. Sisi Batlokwa ni watu wa Thakadu, muhanga, mchimbaji asiyechoka. Nikawaeleza kwamba hiyo ni istiari ya bidii yangu. Waliandika. Mmoja aliuliza kama muhanga huchimba usiku kwa sababu hataki kuonekana. Nikapiga meza, nikasema tuendelee.

Jumatano, 11 Juni

Shida ya Mma Sebina ni kengele yake. Mwaka jana, siku ya kufunga shule, aliigonga nikiwa bado kwenye utangulizi wa hotuba yangu. Watu wakaenda kula. Sijamsamehe na sina mpango huo.

Safari hii nimemuwahi. Nikamkumbusha mila: mwimba sifa hakatizwi. Hata kgosi, chifu mwenyewe, hukaa kwenye kiti chake akasifiwa, akasutwa, akameza mate mpaka mwisho, wala hamwadhibu mtu baadaye. Nikamwomba awatangazie watu wote Ijumaa kabla hatujaanza. Akasema vizuri sana, Rra, ni jambo la heshima, atalisema kwa sauti. Nimemfunga na kamba ya mababu zake mwenyewe!

Msomaji wangu ni Onkemetse. Binti mkimya, huwezi kujua kama yumo darasani, lakini akifungua kinywa vioo vinatetemeka. Nimemwandikia shairi zima mwenyewe. Akalisoma, akaniuliza matope yako wapi. Matope gani? Akasema mwezi wa pili niliwafundisha kwamba leboko lenye asali tupu si leboko, ni kuomba chakula. Lazima liwe na matope kidogo ili ukweli upate pa kukanyaga. Nilisema hivyo kweli. Sijui nilikuwa na furaha gani siku ile. Nikamwambia hayo ni ya mtihani, Ijumaa si mtihani. Akaitika "Ee, Rra," akakunja karatasi.

Ni yeye peke yake darasani anayesikiliza. Ningekuwa na kumi kama yeye nisingekuwa mtu mbaya.

Alhamisi, 12 Juni

Ngoma za Tshenolo hulala stoo ya michezo. Ufunguo wa stoo hulala kwangu. Mungu hamtupi mja wake!

Asubuhi nikatangaza kwamba ufunguo umepotea. Nikajipapasa mifuko yote mbele ya watu, hata ya ndani. Kisha nikaenda kuufukia kwenye bustani ya maua nyuma ya mlingoti wa bendera. Nilikuwa bado nimepiga magoti Onkemetse akapita na ufagio. "Dumela, Rra." Akauliza ninapanda nini. Nikasema vitunguu. Akayatazama maua, akanitazama mikono, akasema vitunguu ni vizuri kwa kikohozi. Akaenda zake.

Mchana Tshenolo alinifuata na macho mekundu. Akasema, "Rra, watoto wamejiandaa wiki nzima, nisaidie tutafute." Nikamsaidia. Tulitafuta chini ya kabati, nyuma ya jokofu, kwenye sufuria za jikoni. Alinishukuru! Shukrani yake ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikashushia na chai, nikala magwinya mawili, ikapita.

Ijumaa, 13 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Darasa la Tshenolo likatangulia. Hawakuwa na ngoma, wakapiga ndoo za jikoni. Kishairi, ndoo. Kishairi, ndoo. Wazazi wakashangilia. Afisa, Rra Letsididi, akatikisa mguu. Sikujali. Niliweka sawa tai yangu.

Mma Sebina akasimama akatangaza mila, kwa sauti, kama tulivyopatana: asimkatize mtu mwimba sifa, asimwadhibu mtu. Onkemetse akaja mbele na blanketi begani. Mstari wa kwanza ni wangu:

"Thakadu wa Matlapeng, mchimbaji asiyechoka!"

Vigelegele. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Mstari wa pili haukuwa wangu.

"Chimba, Thakadu, chimba! Ngoma zalia gizani,
stoo imefumba mdomo, ufunguo u kaburini.
Kapanda chuma mauani, angoja kiote cheo,
asema ni kitunguu, naye ndiye atokwaye na machozi.
Chimba, Thakadu, chimba! Shimo ni la jirani,
mbona miguu iliyomo ni yako?"

Nikasimama. Nikasema basi, basi, inatosha. Mma Sebina akasema, "Kaa chini, Rra. Mila." Afisa akaniinulia kiganja. Ukumbi mzima ukanigeukia, na mimi nikakaa, nikameza mate kama kgosi, tofauti ni kwamba kgosi ana ng'ombe. Na yeye akaendelea! Alikuwa na beti za friji. Alikuwa na beti za miayo. Thuso alikuwa analia kwa kicheko.

Alipomaliza, afisa akaanza kuhesabu kwa vidole: takriri, ipo, tashihisi ya stoo, ipo, istiari, ipo, kejeli, jamani, kejeli! Akasema hajasikia mtoto wa kidato cha kwanza akizishika tamathali hivi. Akauliza ni nani aliyemfundisha. Wakaninyooshea kidole wote, hata mpishi.

Mwisho Mma Sebina akaniambia, kwa upole uliozidi kofi, niende nikavune vitunguu vyangu. Nimechimba mbele ya wazazi, na suti. Tshenolo hakucheka. Aliniletea jembe dogo na kusema pole, Rra. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Jumatatu, 16 Juni

Kiti kapewa Tshenolo. Sina la kusema.

Nina moja. Onkemetse kachaguliwa kusoma kwenye mashindano ya mkoa. Kaja mlangoni kwangu saa ya chai. Akasema Mma Pheko, yaani Tshenolo, yuko tayari kumsaidia, lakini yeye anamtaka aliyemfundisha leboko, kwa sababu wengine wanafundisha watoto wapendeze na mimi nilimfundisha aseme kweli. Akasema, "Sikukusema kwa ubaya, Rra. Asiye na maana hatungiwi kitu."

Miaka yote hii sijawahi kuambiwa neno kama lile. Nilitaka kumwita ndani. Nilikuwa na kitabu cha kumpa, kiko juu ya kabati, nakijua mahali pake.

Nikamwambia msomi wa hadhi yake hahitaji mwalimu wa vitunguu, aende kwa Mma Pheko. Akasema "Ee, Rra," akaenda. Nilimwona dirishani akivuka uwanja, hakugeuka.

Nimemkomesha!

Jioni nimeketi kurekebisha mpango wa masomo, maana sasa naliona kosa lilipokuwa. Nimefuta kejeli. Nimefuta istiari na mambo yote ya matope. Muhula ujao kidato cha kwanza watajifunza tashbihi peke yake, tena za maua, na kila mtoto nitampa mfano wake mwenyewe, ameshaandikiwa, akariri.